Kwa nini barua pepe za Ikulu ya Marekani hazikufutika? Historia fupi ya diski za meinfremu

Wiki ya mwisho ya Novemba 1986 ilikuwa mbaya kwa watu wa Baraza la Usalama la Taifa la Marekani. Siri ilikuwa imevuja: maofisa wa serikali waliiuzia Iran silaha kimyakimya, kisha sehemu ya fedha ikapelekwa kwa waasi wa Contra waliokuwa wakipigana na serikali ya Nicaragua. Bunge la Marekani lilikuwa limeshazuia msaada wa kijeshi kwa waasi hao. Luteni Kanali Oliver North akawa anapitisha nyaraka kwenye mashine ya kuchana karatasi. Baada ya karatasi ikaja zamu ya kompyuta. North alifuta jumbe zaidi ya 700 za barua pepe. Bosi wake, Admirali John Poindexter, alifuta zaidi ya 5,000.

Tarehe 25 Novemba North akafukuzwa, Poindexter akajiuzulu. Tarehe 26 Februari 1987 tume ya uchunguzi iliyoongozwa na seneta wa zamani John Tower ikatoa ripoti yake. Na ndani ya ripoti, barua pepe zile zile zilizofutwa zimo! Julai mwaka huo North akaliambia Bunge kwamba wao waliamini kwa dhati kuwa ukishabonyeza kitufe cha kufuta, ujumbe umekwenda na haurudi.

Hawa hawakuwa watu wajinga. Walikuwa na uwezo wa kuamuru meli na ndege. Sasa ilikuwaje wakashindwa na kitufe? Jibu liko kwenye miaka 30 ya historia ya diski kabla ya siku ile, na kwa bahati mbaya (au nzuri, inategemea uko upande gani) jibu hilo bado linatuhusu mimi na wewe leo.

Kwanza tuelewane kuhusu meinfremu. Hii ni kompyuta kubwa inayohudumia watu wengi na kazi nyingi kwa wakati mmoja. Ndiyo iliyobeba mabenki, mashirika ya ndege na idara za serikali, na katika mabenki mengi makubwa duniani bado ndiyo inayobeba. Wewe mtumiaji unakuwa na skrini na kibodi tu mezani. Faili zako zinakaa chumba kingine kabisa, chini ya mikono ya watu ambao pengine huwajui kwa sura. Shika hilo, tutalirudia.

Kutoka kanda hadi juzuu

Kabla ya diski, kumbukumbu za kompyuta zilikaa kwenye kadi zilizotobolewa na kwenye kanda za sumaku. Kanda ina shida moja: ni ya mstari. Ukitaka taarifa za mteja wa 9,000, lazima uwapite wote 8,999 waliomtangulia. Ndiyo maana kazi zilikusanywa na kufanywa kwa mafungu, mara nyingi usiku.

Septemba 1956 kampuni ya IBM ilitangaza mashine iitwayo 305 RAMAC. Ndani yake kulikuwa na kifaa kipya, IBM 350, kilichobuniwa San Jose, California, na timu ya mhandisi Reynold Johnson. Kilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, yaani kama sentimita 61, zimepangwa kwenye mhimili mmoja na kuzunguka mara 1,200 kwa dakika. Mkono wenye kichwa cha kusomea ulipanda, ulishuka na kuingia katikati ya sahani kutafuta rekodi iliyotakiwa. Kifaa kizima kilibeba herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu yako inaweza kuzidi hapo. Lakini sasa mteja wa 9,000 alipatikana chini ya sekunde moja, bila kumsumbua mwingine yeyote.

Mwaka 1962 ikaja hatua iliyobadilisha mazoea ya kazi: IBM 1311. Humo sahani sita zilikuwa kwenye pakiti moja yenye uzito wa takribani kilo 4 na nusu, na pakiti hiyo uliweza kuichomoa na kuweka nyingine. Mashine moja, pakiti nyingi rafuni. Pakiti kama hizi zikaja kuitwa kwa jina lile lile wanaloita juzuu ya kitabu. Mafundi wetu husema volyumu, ila ukiifikiria kama juzuu hutapotea: kila moja ina jalada, ina jina na ina ukurasa wa yaliyomo.

Ukurasa wa yaliyomo

Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza System/360, familia ya kompyuta ambayo wajukuu zake ndio meinfremu za leo. Diski yake ya mwanzo iliyotumika sana, 2311, ilikuwa na pakiti za megabaiti 7.25. Kila pakiti ilipewa jina la herufi sita, likaandikwa kwa sumaku mwanzoni mwa diski na kwa kalamu kwenye lebo ya nje. Programu ikihitaji pakiti fulani, ujumbe unatokea mbele ya mwendeshaji wa mashine. Naye anakwenda rafuni, anaitafuta, anaifunga, anaiwasha, kazi inaendelea.

Juu ya diski, data iliandikwa kwenye mistari ya duara iitwayo traki. Traki zilizo sawa juu na chini kwenye sahani zote zinafanya silinda moja. Sasa mfumo ulijuaje faili gani ipo wapi? Kulikuwa na sehemu maalumu ya diski, jedwali la yaliyomo, maarufu kwa kifupi chake VTOC. Kila faili ilikuwa na kadi yake humo, ya baiti 140: jina lisilozidi herufi 44, tarehe, muundo wake, na traki ilizoanzia na kuishia. Jedwali hilo hilo lilionyesha pia sehemu zipi za diski ziko wazi.

Hapa ndipo mambo yalipo. Ukimwambia mfumo "futa faili hii", ulikuwa unakwenda kwenye jedwali, unafuta ile kadi ya baiti 140, na unaziandika traki zake kwenye orodha ya nafasi zilizo wazi. Basi. Kule kwenye traki zenyewe hakuna aliyekwenda. Mishahara, madeni, barua, vyote vimelala pale pale vilipokuwa.

Chukua kitabu, chana ukurasa wa yaliyomo, halafu sema umekifuta kitabu. Ndivyo ilivyokuwa.

Na haikuwa nadharia tu. Programu inayofuata ikipewa traki zile zile, inaweza kuamua kusoma kabla ya kuandika. Mtu wa idara ya manunuzi anaomba nafasi ya diski, anaisoma ikiwa bado "tupu", na anakuta mabaki ya faili ya idara ya utumishi. Hajavunja kufuli lolote. Amepewa chumba ambacho aliyehama aliacha makaratasi yake chini ya godoro.

Kwani walishindwa nini kufuta kweli?

Unaweza kuuliza: si wangeandika sifuri juu ya data yote, yaishe? Tupige hesabu ndogo.

Pakiti ya 2311 ilikuwa na traki 2,000 za kutumia (silinda 200, kila moja traki 10). Diski ilizunguka mara 2,400 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 25. Kuandika juu ya traki moja kunahitaji angalau mzunguko mmoja mzima. Zidisha 2,000 kwa 25: sekunde 50, na hapo hujahesabu muda wa kuhamisha kichwa. Kwa sekunde zote hizo diski iko bize, na njia inayoiunganisha na kompyuta inachukuliwa kupeleka sifuri. Kufuta kadi kwenye jedwali kulihitaji sehemu ndogo tu ya sekunde.

Sasa njoo kwenye 3390, diski ya mwaka 1989. Modeli yake ya 3 ina silinda 3,339 zenye traki 15 kila moja, jumla traki 50,085. Mzunguko mmoja ni kama milisekunde 14. Kuifuta yote mara moja tu ni takribani dakika 12. Kwenye meinfremu ya benki, ambako kazi za usiku huunda na kufuta faili za muda kwa maelfu, kufuta kweli kila faili ni sawa na kumwambia kila mteja wa daladala aoshe kiti chake kabla ya kushuka. Usafi ungekuwepo, lakini safari isingefika.

Kwa hiyo uamuzi wa kuacha data palepale haukuwa uzembe. Ulikuwa uamuzi wa kihandisi, wa kununua kasi. Shida ni kwamba bei ya kasi hiyo aliilipa mtu mwingine, ambaye hakuambiwa.

Upande wa pili: kunakili

Wakati kufuta kulikuwa kwa juu juu, kunakili kulifanywa kwa bidii kubwa. Na kulikuwa na sababu.

Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Kichwa kikigusa sahani, kinakwangua tabaka la sumaku na data yake inakuwa vumbi. Enzi za pakiti za kuchomoa, ulinzi wa kawaida ulikuwa kutengeneza pakiti ya pili na kuifungia kabatini. Lakini diski zilikua. IBM 3330 ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilibeba megabaiti 100 kwa pakiti. Kisha 3350, iliyotangazwa 1975, ikabeba megabaiti 317.5, na hiyo haikuchomoka. Sahani zilikaa ndani moja kwa moja. Huwezi tena kubeba volyumu mkononi na kuificha. Njia iliyobaki ni kuimwaga yote kwenye kanda.

Reli ya kanda ya futi 2,400, ikiandikwa kwa msongamano wa juu wa wakati ule wa herufi 6,250 kwa inchi, haiwezi kuzidi megabaiti 180. Kwa hiyo 3350 moja iliyojaa ilitaka walau reli mbili. Chumba chenye diski 40 ni reli 80 na zaidi kwa nakala moja kamili. Mabenki na serikali zikajenga maktaba za kanda, zikaajiri watu wa kuzitunza, zikaweka ratiba: nakala ndogo kila usiku, kubwa kila wiki, na seti moja inapelekwa jengo jingine iwapo moto utatokea. Kanda ikimaliza muda wake inarudi kwenye mzunguko na kuandikwa upya.

Programu za kazi hii zilikuwa za aina mbili. Aina ya kwanza inanakili volyumu kama ilivyo, traki kwa traki, bila kujali ni ya nani. Ni ya haraka, na diski ikifa unairudisha yote kama ilivyokuwa. Aina ya pili inanakili faili moja moja kwa jina. Ni ya polepole zaidi, ila inakuruhusu kurudisha faili moja bila kugusa nyingine. Programu za mwanzo za volyumu nzima zilibeba kila traki, pamoja na mabaki ya faili zilizofutwa. Baadaye zikajifunza kusoma jedwali kwanza na kuruka sehemu zilizo wazi, ili kuokoa muda na kanda.

Kuna jambo moja la kuchekesha kidogo. Ukinakili volyumu kwenda diski nyingine traki kwa traki, unanakili pia jina lake la herufi sita. Sasa una volyumu mbili zenye jina moja, na mfumo haukubali zote ziwe hewani kwa pamoja, maana hautajua ipi ni ipi. Lazima moja ibadilishwe jina au izimwe. Mapacha wakishaitwa wote Hassan, mwalimu hawezi kuita mahudhurio.

Ona basi hali ilivyokuwa ifikapo miaka ya 1980. Kufuta: kazi ya mtumiaji, inagusa kadi moja. Kunakili: kazi ya chumba cha kompyuta, inagusa kila kitu, kwa ratiba, bila kumuuliza mtumiaji.

Tunarudi Washington

Barua pepe za Baraza la Usalama la Taifa zilikuwa kwenye mfumo wa IBM ulioitwa PROFS. Ulianza kwa majaribio hapo mwaka 1982, na kufikia 1985 ulikuwa umeenea kwa wafanyakazi wote wa Baraza. PROFS ilikuwa juu ya mfumo uitwao VM, ambao hugawa meinfremu moja iwe kama kompyuta nyingi ndogo. Kila mtumiaji anapata kipande chake cha silinda kwenye diski ya kweli, na kwake kinaonekana kama diski yake binafsi. North alipokaa mbele ya skrini yake alijiona yuko kwenye kabati lake mwenyewe, ambalo ufunguo anao yeye. Kumbe kabati lile lilikuwa silinda kadhaa ndani ya diski ya pamoja, na diski ile ilikuwa kwenye ratiba ya watu wa mawasiliano ya Ikulu, waliokuwa wakiinakili kwenye kanda mara kwa mara.

North na Poindexter walipofuta jumbe zao, walifuta kilichokuwa kwenye diski siku ile. Kanda za siku zilizotangulia zilikuwa zimeshatoka mikononi mwao. Na watumishi wa kudumu wa kitengo cha kompyuta, walipoona uchunguzi unakuja, walizitoa kanda kadhaa kwenye mzunguko kabla hazijaandikwa upya. Ukilinganisha kanda ya kabla na kanda ya baada, si tu kwamba jumbe zinarudi. Inajulikana pia nani alifuta kiasi gani, na lini.

Sijui kama kuna mfano bora zaidi wa nguvu ya kazi isiyo na jina. Hakuna aliyepanga kumkamata mtu. Ratiba ya bakapu iliyowekwa kwa hofu ya moto na vichwa vya diski ndiyo iliyohifadhi ushahidi wa kashfa kubwa ya kisiasa.

Hadithi haikuishia hapo. Januari 1989, Rais Ronald Reagan akijiandaa kuondoka, mpango ulikuwa ni kufuta kanda hizo, kama desturi ya kusafisha ofisi. Tarehe 19 Januari, siku moja kabla ya kuapishwa George H. W. Bush, mwandishi wa habari Scott Armstrong na taasisi ya National Security Archive, pamoja na wenzao, walikwenda mahakamani. Jaji Barrington Parker akatoa zuio siku hiyo hiyo. Kesi ikaendelea miaka. Serikali ilijitetea kwamba inatosha kuchapisha ujumbe kwenye karatasi. Mwaka 1993 mahakama ilikataa: karatasi haionyeshi kila kitu kilichomo kwenye rekodi ya kompyuta, kwa mfano nani aliupokea ujumbe na lini. Barua pepe za serikali ni kumbukumbu za taifa, na lazima zitunzwe kama zilivyo. Msingi wa hoja yote ile ni reli za kanda.

Waliotaka kufuta kweli

Lakini hebu tugeuze meza. Kanda ile ile iliyomfichua afisa aliyeficha mambo ndiyo inayoweza kuanika rekodi za hospitali za mgonjwa asiye na hatia. Watu wa usalama wa kompyuta walikuwa wameliona hili mapema.

Mwaka 1983 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa kitabu cha vigezo vya usalama kilichojulikana kwa rangi ya jalada lake, Kitabu cha Chungwa. Moja ya masharti yake: mfumo ukimpa mtumiaji nafasi iliyowahi kutumika na mwingine, nafasi hiyo isiwe na mabaki. Kwenye meinfremu za IBM, programu ya ulinzi ya RACF, iliyoanza 1976, ikaja kuwa na chaguo la kuamuru kwamba faili fulani ikifutwa, traki zake ziandikwe sifuri hapo hapo. Sehemu nyingi ziliacha chaguo hilo limezimwa, kwa sababu ile ile ya dakika na sekunde tuliyoihesabu juu. Mwaka 2013, toleo la 2.1 la mfumo wa z/OS lilikuja na maboresho ya kufuta traki nyingi kwa amri moja, ili gharama ipungue. Toka tatizo lijulikane hadi lipate dawa ya bei nafuu, ni karibu nusu karne.

Pakazuka pia mjadala wa mabaki ya mabaki. Umewahi kuona ubao wa chaki uliofutwa kwa dasta kavu? Ukiutazama kwa pembeni bado unasoma maneno ya jana. Mwaka 1996 mwanasayansi Peter Gutmann wa New Zealand aliuliza kama sumaku nayo iko hivyo, akapendekeza mpangilio wa kuandika juu ya data mara 35. Watu wakaishika ile 35 kama dozi ya hospitali. Kumbe ilikuwa mjumuisho wa mifumo tofauti ya diski za zamani, na Gutmann mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuna diski moja inayohitaji zote. Mwaka 2006 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilisema kwa diski za sumaku za kisasa kuandika juu mara moja, kwa ukamilifu, kunatosha.

Kwa hiyo fizikia ililegea, ila mazoea hayakubadilika. Mwaka 2003 watafiti wawili waliokuwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu pale MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kununua diski 158 za mtumba. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Kwenye nyingine walikuta, pamoja na mambo mengine, maelfu ya namba za kadi za benki. Hizo hazikuwa diski za meinfremu. Zilikuwa za kompyuta za kawaida. Ila desturi ya 1964 ilikuwa imehamia humo nzimanzima: futa kadi, acha traki.

Diski isiyokuwepo

Sasa sehemu inayonikosesha usingizi mimi kama mtafiti. Ukiingia leo kwenye meinfremu ya kisasa ukauliza diski zake ni za aina gani, itakujibu: 3390. Zile za 1989! Kiwandani hazitengenezwi tena, ila programu zote zimezizoea, basi mashine za kuhifadhia data zinaigiza. Kuanzia 1990 kampuni ya EMC iliuza Symmetrix, sanduku lililojaa diski ndogo za bei nafuu ambalo kwa meinfremu lilijitambulisha kama diski kubwa za IBM. Mwaka 1994 StorageTek ikaja na Iceberg, ambayo ilikwenda mbali zaidi: ukiandika upya traki, haiandiki palepale. Inaandika sehemu mpya, kisha inabadilisha jedwali lake la ndani lielekeze huko. Ile ya zamani inasubiri kusafishwa baadaye.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuelekea 2000 mbinu hiyo ikazaa kunakili kwa papo hapo. IBM waliita yao FlashCopy. Unaamuru nakala ya volyumu nzima na ndani ya sekunde unaambiwa tayari. Kilichonakiliwa kwanza ni jedwali. Data yenyewe inahamishwa taratibu baadaye, au isihamishwe kabisa mpaka mtu aibadilishe. Faida ni kubwa: zamani ilibidi kusimamisha kazi usiku ili nakala isichanganye salio la saa nne na salio la saa sita. Sasa unapiga kama picha, maisha yanaendelea.

Lakini fikiria maana yake kwa anayefuta. Unaandika sifuri juu ya traki, na sifuri zinakwenda mahali pengine. Data yako iko chini ya tabaka mbili tatu za majedwali, na wewe una ruhusa ya kugusa la juu tu. Diski za kielektroniki za kwenye laptop yako hufanya hivyo hivyo.

Ndiyo maana dawa inayopendwa sasa ni nyingine kabisa: data iandikwe kwa fumbo tangu mwanzo, na siku ya kufuta unaharibu ufunguo. IBM ilileta usimbaji huu kwenye kiendeshi cha kanda cha TS1120 mwaka 2006, na kwenye diski za DS8000 mwaka 2009. Nakala zibaki kumi, zibaki ishirini, bila ufunguo ni kelele tupu. Swali linahama: je, ufunguo wenyewe una nakala ngapi, na nani anazo?

Kwetu inahusu nini?

Inahusu sana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe katika mazingira fulani. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria inasema "kufuta" kama vile ni tendo moja. Historia hii inaonyesha ni matendo manne au matano tofauti: kuondoa jina kwenye jedwali, kuandika juu ya data, kusubiri kanda za bakapu zimalize mzunguko, kusafisha nakala za papo hapo, kuharibu ufunguo. Kampuni ikikuandikia "tumefuta taarifa zako", inaweza kuwa inasema kweli kwa maana ya kwanza na uongo kwa nyingine zote.

Kwa hiyo unayo haki ya kuuliza maswali ya chumba cha kompyuta. Imefutwa kwenye mfumo unaotumika tu, au na kwenye nakala? Bakapu zenu hukaa muda gani kabla ya kuandikwa upya? Ziko wapi? Nani anaweza kuzirudisha? Ni maswali ya kawaida kabisa, na mtu wa mifumo anayejua kazi yake anaweza kuyajibu kwa sentensi mbili kila moja.

Na wewe unayesoma kompyuta, siku ukiajiriwa kutunza diski za benki au za wizara, utakabidhiwa ratiba ya bakapu na orodha ya faili za kufuta. Itaonekana kazi ndogo, ya kuanzia. Kumbuka watumishi wa kule Washington walioona uchunguzi unakuja wakaziweka kanda pembeni. Majina yao hayamo kwenye vichwa vya habari. Bila wao, ripoti ya Februari 1987 ingekuwa nyembamba zaidi.